Mzee Dari na Kazi Moja Iliyorudi

Baada ya miaka thelathini na mbili ya utumishi katika karakana yetu, fundi mkuu wa ushonaji, tuliyemzoea kwa jina la Mzee Dari, anastaafu rasmi tarehe thelathini mwezi huu. Mhariri wa jarida hili ameniomba mimi, mtunza stoo, niandike wasifu wake, kwa kuwa nimempimia vitambaa kuliko mtu mwingine yeyote. Ameniomba pia nisitie chumvi. Nimejitahidi, ila sehemu ya mwisho ilikuja na chumvi yake yenyewe.

Aliajiriwa kushona viti. Siku zile mabasi ya kampuni yalikuwa yamechakaa hadi abiria wanakalia springi, na ni yeye aliyevifunika vyote upya. Baadaye akahamia juu, yaani kwenye dari za magari, kazi ambayo mafundi wengi huikimbia: shingo inapinda, vumbi la sponji linaingia machoni, gundi inadondokea nywele. Yeye aliipenda. Alifanya kazi akiwa na pini mdomoni, nasi tukajifunza kumwelewa kwa miguno. Mguno mfupi, lete mkasi. Mguno mrefu, ukinikingia mwanga utaona. Meneja mkuu aliwahi kuambiwa avue viatu kabla ya kuingia kwenye gari lake mwenyewe, na akavua.

Neno lake kuu lilikuwa "acha ipumue." Gundi ya dari ikishapulizwa haibandikwi papo hapo, huachwa kwanza mpaka ukiigusa isifuate kidole. Mwenye haraka akibandika mapema, kitambaa hushuka. Mzee alilitumia neno hilo kila mahali. Chai ya moto, acha ipumue. Fundi umeme kagombana na mkewe, acha ipumue. Kwa subira hiyo, hakuna dari hata moja aliyoifunga hapa ikarudi.

Lakini kinyozi hajinyoi. Dari ya gari lake mwenyewe, gari dogo la zamani, ilianza kushuka muda mfupi baada ya mkewe, shemeji yetu, kufariki kwa maradhi mwaka juzi. Haikushuka yote. Kilishuka kipande kimoja tu, juu ya kiti cha mbele cha abiria. Akaitengeneza nyumbani, uani kwake. Ikashuka. Akabadilisha gundi, ikashuka pale pale. Akabadilisha sponji na kitambaa, akaiacha gundi ipumue mpaka tukamcheka. Jumatatu yake akaja kazini kimya, hata mguno hakuna, nasi tukajua imeshuka tena.

Hapo palikuwa na zaidi ya dari. Binti yake anataka baba ahamie kwake akistaafu, kwa sharti moja: lile gari lisije. Aliwahi kuketi mbele, kitambaa kikamgusa utosini, akashuka na hajapanda tena. Anasema hakikumwangukia kichwani, kiliwekwa. Mzee akapata mnunuzi, mwalimu wa jirani, ambaye angelichukua dari ikitengemaa. Ikitengemaa, gari linakwenda na mzee anakwenda kwa binti. Isipotengemaa, anabaki peke yake na gari asiloweza kuliuza wala kulitupa. Alinieleza hayo kwenye dirisha la stoo huku akipanga pini ambazo zilikuwa zimeshapangwa. Nilimhurumia sana.

Basi Jumamosi iliyopita tulikwenda kwake: fundi umeme, fundi rangi na mimi. Penye wengi hapaharibiki neno. Tukafungua vishikio, vizuia jua na taa ya ndani, tukautoa ubao wa dari kwa mlango wa nyuma, tukaulaza mezani. Fundi rangi akabandua kitambaa na kukwangua sponji. Chini yake, kwenye ubao mtupu, palikuwa na alama ya kiganja na vidole vyake vyote.

Mzee akacheka, akatueleza. Shemeji alikuwa mwoga wa mwendo. Kila wakifika kwenye kona aliinua mkono akashika dari, akisema gari likipinduka yeye atalizuia paa lisimwangukie mumewe. Miaka yote mkono mahali pamoja, ubao ungeacha kubonyea? Tukaridhika. Kisha fundi umeme, ambaye kunyamaza hakujui, akapitisha kidole pale na kusema kwamba ubao haukubonyea kwenda juu. Ulikuwa umetokeza kuja chini. Kiganja kilisukuma kutoka upande wa bati, mahali panapopita waya wa taa tu, pasipoenea mkono.

Mzee akachukua msasa. Akausawazisha ubao, akapuliza gundi, akaiacha ipumue, akatandaza kitambaa kipya kuanzia katikati kwenda pembeni. Tukaurudisha, tukakaza kila skrubu, tukafunga milango na vioo, tukakaa kivulini na chai. Fundi rangi ndiye aliyeona kwanza. Juu ya kiti cha abiria, kitambaa kilikuwa kikipanda na kushuka taratibu, kama kifua cha mtu aliyelala. Nje hapakuwa na upepo hata wa kutikisa kamba ya nguo. Fundi umeme akatania kwamba safari hii mzee kaiacha ipumue kupita kiasi. Tukacheka, halafu kicheko kikatuishia sote kwa pamoja. Niliogopa, na hilo siliandiki kwa mzaha.

Mzee akaingia garini, akaketi upande wa dereva. Akainua kiganja, akakiweka pale kwenye kitambaa. Kikatulia. Akakaa hivyo mpaka chai yetu ikapoa. Kisha akaagiza sindano, akabandua gundi sehemu ile tu, akashona mshono mdogo kuizunguka ili kitambaa kiweze kushuka kinapotaka. Sijawahi kuona mshono mzuri kama ule. Rekodi yake sasa ina doa moja, na ameniomba niliandike.

Akampigia mwalimu kumwomba radhi. Akampigia binti yake mbele yetu, akamwambia atakuja, ila atakuja na gari, kwa sababu mama yake hataki kushuka.  Binti akamwambia baba aje tu, gari waje nalo. Yeye atakuwa anakaa nyuma.

Mzee wetu, asante kwa kila dari uliyotufungia na kwa kutufundisha kutofanya pupa. Karakana itakukumbuka, na mimi nitazikumbuka hata pini. Maisha mema tunakutakia, wewe na wako. Barabara ya kwa binti yako ina kona nyingi. Zikate polepole, usimchoshe shemeji mkono.