Gauni Nililolipunguza Mara Tatu

Bwana asifiwe, ndugu zangu wa Nkwenda, nanyi mliotembea kwa miguu tangu Kimuli! Mniwie radhi nikiongea nimeketi. Miguu yangu haiwezi tena kusimama ibada nzima.

Najua wengine mmekuja kusikia jinsi pepo wa yoga alivyonitoka. Mtasikitika. Pepo wangu hakuletwa na mzungu, nilimfuga mwenyewe.

Mnakumbuka nilivyokuwa. Fundi cherehani wa pale sokoni, mnene, mwenye maneno mengi. Marehemu mume wangu alikuwa dereva wa lori la kahawa. Alipokufa tulisema ni malaria, na mazishini sote tulitazama chini. Mwaka uliofuata nilipimwa damu. Nilipewa karatasi ya jibu, nikaikunja, nikaificha kwenye droo ya cherehani chini ya vifungo. Ndugu zangu, miaka ile kukonda kulikuwa hukumu. Ukikonda tu, watu wanajua ni UKIMWI, na wanaacha kukuletea vitambaa.

Ndipo akaja Dada Klara, mzungu aliyejitolea kufundisha pale sekondari, ambaye alasiri aliwafundisha akina mama yoga juu ya mikeka. Nilijiunga mbio. Alitueleza aina tatu. Ya kwanza ni ya polepole, unalala, unajinyoosha, unavuta pumzi. Alisema inachoma kalori chache, kama kumenya ndizi za mchana. Ya pili unasimama na kushikilia mkao mpaka mapaja yatetemeke. Hiyo ni sawa na kupalilia shamba. Ya tatu haina kituo, mkao unafuata mkao na jasho linadondoka. Hiyo ni kupanda mlima na ndoo kichwani.

Wakati huo Yakobo wa Kimuli, mgane mwenye watoto watatu, alikuwa ameniposa. Mnamjua: mkulima, mpole, babu zake walitoka Rwanda. Nilimpenda. Nilikubali, Mungu anisamehe, nikaanza kujishonea gauni la harusi.

Halikumaliza mwezi, likapwaya. Nikalipunguza, nikawaambia wateja ni yoga ile ya polepole. Likapwaya tena. Hapo kumenya ndizi hakukutosha kuwa sababu, nikahamia ya pili. Lilipopwaya mara ya tatu nikahamia ile ya jasho, nikaifanya barazani mchana kweupe ili kila apitaye aone kinachonikondesha. Nilikuwa natapika nyuma ya nyumba, kisha narudi mkekani natabasamu.

Dada Klara aliniita pembeni. Akaniambia, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, kwamba hata ile ya tatu, hata ikifanywa kila siku, haiwezi kumpunguza mtu namna ile. Nilimnunia. Nikamjibu kwamba yeye ni mgeni, hajui miili ya Wanyambo.

Siku moja Yakobo alinikuta mkekani nahema. Alivua viatu, akaketi kando yangu.

"Nifundishe na mimi," akasema. "Watu wanasema unakonda. Acha tukonde wote."

Ndugu zangu! Alisema kwa upendo, akiwakejeli wasengenyaji. Mimi nilisikia habari za kaburi. Niliwaona wale watoto watatu wakibaki bila baba, na mimi ndiye niliyemuua. Kila Jumatano katika ushirika huu tunasimama mmoja mmoja kuweka dhambi zetu nuruni. Nilikuwa nimeungama hasira, nimeungama umbea, nimeungama hata ndizi za jirani. Hilo moja sikuwahi kulitaja. Nikaenda kwenye droo, nikamwaga vifungo, nikampa karatasi.

Aliisoma mara mbili. Hakunigombeza. Aliondoka peku, viatu amevisahau.

Jumatano iliyofuata nilivileta viatu vile hapa, nikaviweka sakafuni, nikasema yote mbele yenu. Wapo waliohama benchi langu. Yakobo alikuja mbele, akavaa viatu vyake, akaketi palepale karibu nami mpaka mwisho.

Sitawadanganya madhabahuni. Bwana hakuiponya damu yangu. Aliniponya uongo, na tangu siku ile nalala usingizi.

Harusi yetu haikufungwa; Yakobo alioa binti kutoka kijiji cha Kiruruma. Gauni nililifumua mishono yote mitatu, nikampa binti yule. Likamkaa vizuri. Nililia nikifumua, sifichi. Lakini watu wakiogopa hata kunishika mkono, binti yule alivaa nguo iliyopita mwilini mwangu, na watoto wale wana baba mpaka leo. Atukuzwe Mungu!

Jioni bado natandika mkeka. Siku hizi ni ile ya kwanza tu, ya kulala na kuvuta pumzi. Nguvu zilizobaki ni chache, nazitumia kidogo kidogo, nikishukuru.

Nawe uliyekaa hapo, unayepunguza nguo na kutafuta sababu, Bwana ameshaisoma karatasi yako na hajakukimbia. Mwamini. Kama unaogopa kusimama, njoo kwangu kwanza. Kisha tutasimama wote.