Mgeni Aliyekatazwa Kutaja Dari

Mama mwenzangu mwenye kijana mgodini, haya nimeyasikia kwa masikio yangu. Jana kwenye basi, kiti cha mbele yangu walikaa wanaume wawili: katibu wa chama cha wataalamu wa madini, na mhandisi aliyealikwa kuwahutubia mchana huo.

“Nitaongelea nyufa za dari kule chini,” mhandisi akasema. “Nimeziona mwenyewe.”

“Hapana, kaka. Chakula cha leo katoa mwenye mgodi. Utakulaje kuku wa mtu huku unamsema?”

“Sasa niongee nini?”

“Usalama, lakini ule wa jumla. Mgeni wa mwezi uliopita alitufundisha namna ya kulala vizuri, watu wakapiga makofi sana.”

Nikajiuliza ni nani aliyewaamsha.

“Na wachimbaji watakuwepo?”

“Wale wako zamu, bwana! Wewe utavishwa kofia ngumu mpya, tupige picha.”

Kofia ya mwanangu imepasuka, ameizungushia utepe.

“Na dari ikishuka je?”

“Usituchulie!” katibu akang'aka. Kisha akalainika, akamshika bega. “Ikishuka, kaka, si tutakualika tena?”

“Dari siiachi.”

“Utaiacha.”

Basi likasimama kwenye lango la mgodi, wakashuka bado wanabishana. Mimi nilikuwa naenda sokoni. Lakini mwanangu yuko zamu ya mchana, chini ya dari hiyo hiyo. Nikashuka nao, na kikapu changu kitupu, nikauliza ukumbi uko wapi.