Jinsi Picha ya Kichwa cha Mwanangu Ilivyonifungua

Asifiwe Bwana, ndugu zangu! Asifiwe tena, maana leo nimesimama na jambo ambalo ningependa kulificha. Mimi ni Mama Ushindi, muuza vitenge wa hapa Bukoto. Mnanijua kwa kelele. Leo nivumilieni nikilia.

Ushindi alipozaliwa, aliyemwogesha wa kwanza ni mama mkwe wangu, tunayemwita Koko. Ndiyo desturi yetu tuliotoka Bukavu: maji ya uvuguvugu, mafuta ya mawese, bibi anamnyoosha mtoto viungo huku akimwimbia.

Wiki ya pili mtoto akaanza kuhema mbio mbio kama mtoto wa mbwa juani, halafu kimya, hapumui! Ndipo anashtuka na kuvuta pumzi tena. Macho yake yalitangatanga, na mwili ulikuwa mlegevu, shingo haina nguvu kabisa.

Nilikimbilia chumba cha maombi. Waombaji wakaniuliza swali moja tu, la kumtafuta mchawi: "Nani alimuosha wa kwanza?"

Ndugu zangu, nilimtaja Koko bila hata kumeza mate. Nilirudi nyumbani nikamfungashia virago mama wa watu, akaenda kukaa kwa mwanawe mwingine, mtaa wa Naguru. Mume wangu naye aliogopa. Nikafunga, nikakemea, nikampaka mtoto mafuta, na mtoto akazidi kudhoofika.

Mchana mmoja pumzi ilikatika muda mrefu hata jirani akanisukuma hospitali kwa nguvu. Daktari alikuwa binti wa askari, Kiswahili chake alikitoa kambi ya jeshi. Alimtazama Ushindi kwa muda mrefu, macho yake na kuhema kwake. Kisha akaagiza mtoto alazwe usingizi kwa dawa, apigwe picha ya ubongo kwa ile mashine kubwa ya sumaku. Na mimi mjinga nilikaa nje naomba picha imwanike mchawi!

"Mama, ona hapa," daktari akaniambia. "Hii ni shina ya ubongo. Inafanana na jino la gego, si ndiyo? Tukiona gego hii, tunajua ugonjwa. Watoto wenye iko nayo ni kidogo sana."

"Nani alimufanyia hivi?"

"Hakuna mutu, mama. Ubongo ilijengwa hivi ndani ya tumbo, mbele ya mutu yeyote kumugusa. Ilitoka kwa damu yako na ya bwana yako, nyinyi wawili, na hamukujua."

Kabla ya mtu yeyote kumgusa! Nililia, na daktari akadhani nalilia ugonjwa. Nilikuwa namlilia Koko.

Nilikwenda Naguru siku ileile. Nikapiga magoti, nikaungama yote, nikamnyooshea mtoto. Koko akaficha mikono mgongoni.

"Hapana, binti yangu," akasema. "Hata mimi nilianza kuamini. Tangu siku ile sijabeba mutoto wa mutu."

Ee Mungu wangu! Nilimwomba na kumbembeleza mpaka akakubali kumpokea.

Sitawadanganya: Ushindi hajapona. Anapimwa figo na macho, anafanyishwa mazoezi ya shingo. Lakini pumzi imetulia, na juzi aliinua kichwa mwenyewe akanichekea! Aliyefunguliwa ni mimi. Namshukuru Mungu aliyempa yule binti macho ya kuona kile ambacho mimi sikukiona. Wewe mwenye mtoto anayehema hivi, omba, tena omba sana, lakini mpeleke akapigwe picha. Mwamini Bwana, yeye haogopi picha.

Na sasa ombi langu. Koko amekaa pale nyuma, na benchi lake liko tupu kulia na kushoto. Tuliliacha tupu sisi wote, na mimi ndiye niliyeanza. Akina mama wenye watoto wachanga, mkimsalimia leo, msimpungie mkono kwa mbali. Mpeni mtoto ambebe.