Mvua ya Kila Jumamosi

Mgeni rasmi, mkurugenzi wa mfuko wa tabianchi, pamoja na wazee wetu, pasta na majirani: karibu Ishiara. Utuwie radhi kwa vumbi. Tungelinyunyizia maji, lakini maji yenyewe hakuna.

TULIKOTOKA

Sisi ni wakulima thelathini na mmoja wa ndengu, na tunafuga mbuzi. Mwaka juzi mfuko wako ulitusimikia kipima mvua, kile kidebe cheupe juu ya nguzo, chenye laini ya simu ndani. Mvua ikinyesha, chenyewe kinapeleka habari Embu mjini. Isiponyesha msimu mzima, mfuko unatuletea nyasi na maji kabla mifugo haijaanguka. Siku ile tuliimba hadi sauti zikatukauka.

MAFANIKIO

Kipima mvua chetu ndicho kisafi kuliko vyote katika kaunti hii. Tunalisema hilo kwa uchungu.

Ufunguo wa ua unaokizunguka tulimkabidhi mwenzetu mmoja, mwanamke asiyevumilia hata sufuria ya jirani ikae na masizi. Aliiona heshima hiyo kubwa mno kwake. Kila Jumamosi alipanda juu ya stuli na beseni lake, akakisugua kwa sabuni ndani na nje, akakisuuza, ili Jumapili ikikute kinang'aa. "Kitu cha wenyewe hakikai na vumbi," alituambia, nasi tukamsifu. Maji yalipoadimika hakuacha; alipunguza ya kunywa.

CHANGAMOTO

Novemba haikunyesha. Ndengu zilikauka zikiwa na maua, na sasa mbuzi wa mzee Njura wanatafuna maboksi sokoni. Tulingoja nyasi, wapi! Wiki jana Kithaka, fundi wa mfuko wako, alikuja na kompyuta yake.

"Kwa ramani hapa ni kijani," akasema. "Kumenyesha kila Jumamosi."

"Ala! Hiyo ni mvua ama ni siku ya soko?" mwenyekiti akamuuliza.

Tulicheka sote isipokuwa mwenzetu. Yeye aliketi chini pale pale. Tangu siku hiyo akisikia pikipiki anadhani ni polisi wanamjia.

Sisi pia tunaogopa, mgeni rasmi. Barua yenu inasema kikundi kitakachodanganya mashine kitaondolewa. Hatujui Aprili itatukuta na mbuzi wangapi, kama wapo.

MAOMBI

Baadhi yetu walitaka tukwambie mashine imeharibika. Mwenzetu alikataa katakata. Basi tunakuomba uzifute Jumamosi zote, yale yalikuwa maji ya beseni, usome siku zilizobaki. Hutapata hata tone. Nyasi zije kabla mwezi haujaisha. Tena aje mtu atueleze kwa Kimbeere, lugha yetu, ni nini hakiguswi.

La mwisho, usisumbuke kumtafuta aliyeosha. Ndiye huyu anayekusomea, na ufunguo ameuweka hapo mezani mbele yako.

Mungu akurudishe nyumbani salama, na akulainishie moyo ukiwa bado njiani.

Ni sisi, Kikundi cha Wakulima cha Tuinuane, Ishiara.

Imesomwa na Rwamba, mtunza ufunguo.