Macho ya Papa Godefroid na apareyi ya filimu

Tarehe makumi tatu ya mwezi wa sita, mu huu mwaka 2025, Papa Godefroid Numbi anaingia mu retraite, anapumzika kazi, kisha miaka makumi tatu na moja ya kazi pa Studio Uso Muzuri, hapa Naviundu. Balinipatia miye, Mama Christiane wa kupangusa na kupokea bakiliya, niandike hii programme ya sherehe yake, juu banasema miye njo niko na mudomo. Ni kweli.

Mbele alikuwa anatengeneza maredio kwabo Kambove. Muzee, baba ya patron Mumbere, njo alimuleta huku. Anawekaka apareyi ya foto pa sikio sawa munganga. Siku moja alikuta buibui mu apareyi ya mukiliya. Alimutosha pole pole, akamuweka pa dirisha, akamuita stagiaire, mwanafunzi wa kazi. Ile stagiaire ilikaa na siye mwaka muzima!

Sasa nifike pa ile mambo ya mwaka jana.

Tuko na apareyi moja ya filimu kubwa, ya zamani, unainamisha kichwa na unaangalia mu kioo ya juu. Bantu banapenda ile kwa foto za ndoa. Mwezi wa nane, Papa Godefroid alipiga nayo ndoa ya Gradi, mutoto ya Papa Kapya. Foto zikatoka: sura zote flou, hazionekane muzuri, na kandokando mustari mweupe, sawa muntu alimwanga maziwa. Alijaribu filimu ingine, ni vile vile. Patron hakuelewa, Papa Godefroid hakuelewa, miye hata kidogo. Papa Kapya alisimama pa mulango anauliza kama mutoto wake alioa bibi ao alioa moshi.

Miye nikaanza kusema macho ya Papa Godefroid imeisha. Nilisema pa robine ya maji, nilisema kwa mama wa mikate, nilisema ku kanisa. Patron naye akamuambia kama mwisho wa mwezi shida haijulikane, aende tu kupumzika. Kisha miaka makumi tatu, muntu atoke na jina ya kuharibisha ndoa!

Papa Godefroid hakubishana. Alimupatia Céline, mwenzetu wa studio mwenye macho ya kijana, apime apareyi na apige. Ikatoka flou vile vile. Basi macho haikuwa shida. Akatosha filimu, akaweka karatasi ya kupitisha mwangaza pa fasi yake, akafungua apareyi mbele ya ampule ya taa. Mu kioo ya juu ampule iko muzuri, pa karatasi iko flou. Hapo kichwa yangu ikapotea kabisa. Kisha akaingia mu chumba ya giza, akafungia torche kadogo ndani ya apareyi. Mwangaza ukatokea kandokando ya mulango wake wa nyuma, fasi ya kuingizia filimu.

Akanusa ile mulango. Akaniangalia. Akaniomba buzi ya laine nyeusi, ile ninasukaka nayo nywele. Nilimupatia, sikujua ni ya nini. Akabandika buzi kandokando ya mulango, kisha akageuza kioo.

Nyuma akaniambia miye peke yangu: «Mama Christiane, salongo yako iko muzuri, lakini apareyi uache.»

Njo hapo nilielewa. Jumamosi moja, mu salongo, ule usafi ya fasi yote, niliona mousse nyeusi sawa sifongo ndani ya ile mulango, inanatanata. Niliwaza ni buchafu, nikaisugua na petroli mpaka ikaisha. Kumbe ile njo ilikuwa inafunga mwangaza. Kioo nayo nilitosha, nikafua na sabuni, nikairudisha juu chini, basi ikaanza kudanganya: inaonyesha muzuri fasi filimu inaona flou. Kwa patron yeye alisema tu mousse ilizeeka na kioo iligeuka. Jina yangu hakuitaja hata siku moja.

Gradi na bibi yake balivaa tena nguo za ndoa, balipigwa foto tena. Foto zilitoka safi, ila suruali ya Gradi ilikuwa inakataa kufunga. Ndoa ilikuwa imemunenepesha.

Lakini huku inje bantu bangali banauliza kama ule muzee anaonaka. Ni maneno yangu ile, sikuyarudishaka. Balinisikia pa robine, basi banisikie na hapa: macho ya Papa Godefroid iko muzima. Miye njo niliharibisha apareyi.

Papa Godefroid, siye bote tunasema aksanti. Enda Kambove, ulale muzuri, ukule muzuri, Mungu akuongezee miaka. Ile buzi yangu ingali mu apareyi, na mwangaza hauingie.