Bi Edelmira na Chombo Kilichoshiba

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja kituoni, Bi Edelmira Bustos anastaafu. Kazi yake ilikuwa kuvifundisha vyombo vya angani kujilinda vyenyewe, maana huko juu hakuna wa kuitwa. Vilijifunza kushuku kila amri yenye haraka. Yeye mwenyewe alisahau kitambulisho kila Jumatatu, na sisi walinzi wa langoni alitaka tumwamini kwa sura.

Kila mtu hapa kwetu Córdoba anajua: kibuyu cha yerba, chai yetu chungu ya majani inayonywewa kwa zamu, kikikuzungukia, ukisema “asante” maana yake umeshiba, hakirudi kwako tena. Bi Edelmira akalifanya neno hilo kuwa kufuli la chombo chetu Hornero. Adui akiingilia mawasiliano, tutume “asante”, nacho kizibe masikio kisimtii yeyote. Akaapa neno hilo halitatumwa kwa bahati mbaya, kwa sababu hapa hajazaliwa mhandisi wa kuishukuru mashine.

Hakumhesabu Daktari Quinteros, mkurugenzi wetu, aliyesomea ng'ambo akarudi na adabu. Hornero ilipoleta picha zake za kwanza za mwezi, akajongea kwenye mtambo, akaandika asante. Chombo kikanyamaza. Na alasiri ileile kilipaswa kuamriwa kipande juu, la sivyo kingejibamiza mwezini.

“Nilikuwa naishukuru tu, Bi Edelmira.”

“Basi imeshiba, Daktari.”

Akanywa yerba yake mpaka kibuyu kikakoroma, sisi roho mkononi. Ndipo akaandika swali pekee ambalo Hornero, hata ikiwa imeziba masikio, ingelijibu: “Chungu au tamu?”

Likaja jibu alilolifundisha yeye mwenyewe: “Tamu.” Masikio yakafunguka, amri ikapokelewa, Hornero ikapanda. Lakini hakuna aliyeshangilia. Wote tulikuwa tumemgeukia mama aliyetuhubiria miaka yote kwamba sukari kwenye yerba ni ya watoto na wagonjwa.

“Aisee, Bi Edelmira, kumbe wewe ni wa sukari?” nikamuuliza.

“Wewe rudi langoni, mzee, wezi wanaingia.”

Ijumaa tutamchomea nyama nyuma ya karakana. Desturi ya hafla hizi inataka shukrani, lakini tumekubaliana: atakayemwambia neno lile ataosha masufuria. Bi Edelmira, uishi vizuri, ulale mpaka jua likuchoke. Kibuyu kinaendelea kuzunguka, zamu yako ipo. Sukari tumeificha kwenye kabati la vizima-moto.