Namba Tisa Anavua Koti Jeupe

Ijumaa hii, tarehe thelathini Juni, Mama Friza anastaafu baada ya miaka thelathini na mmoja katika maabara yetu ya chanjo. Jina hilo tulimpa sisi, kwa jinsi alivyoilinda friza ya sampuli. Ukiiacha wazi hata kidogo, utasemwa mpaka ujute kuzaliwa.

Alianza kwa kuosha vyombo vya maabara, akasoma jioni, akapanda ngazi hadi kuwa fundi sanifu mkuu. Mwanafunzi aliyepita mikononi mwake hakosei lebo.

Kazi yake kubwa ya mwisho ilikuwa utafiti wa chanjo ya kunywa kwa watu kumi na wawili waliokatwa utumbo mpana. Tulitaka kujua kama mwili, bila utumbo huo, bado utatengeneza kingamwili. Sampuli zilitoka kwenye mifuko ya kupokea choo wanayovaa tumboni, nasi tuliwajua washiriki kwa namba tu.

Namba tisa alinichosha. Kila fomu yake iliacha wazi nafasi ya mtu wa kupigiwa simu likitokea jambo. Nikaandika kwenye daftari kwamba namba tisa ni mzembe. Mama Friza akasoma, akatia saini chini yake kama kawaida, akaendelea na kazi.

Mchana alikula peke yake kwenye ngazi za nyuma. Sisi tukasema anaringa.

Mwezi uliopita washiriki waliitwa kusikia majibu. Viti vilikuwa kumi na viwili, wakakaa kumi na mmoja. Mama Friza akavua koti, akalitundika nyuma ya mlango, akakalia kile kilichobaki. Alitueleza kwa upole kwamba alifanyiwa upasuaji miaka minane iliyopita, wakati wa likizo, na daktari mkuu wa utafiti pekee ndiye aliyejua. Hakuwa na mume, mtoto wala ndugu wa kuandika kwenye fomu. Kingamwili zake zilikuwa zimepanda kuliko za wenzake wote. Alifurahi, lakini hakuwa na wa kumpigia simu.

Mama, nimefanya kazi meza moja nawe miaka kumi na minne bila kujua. Jambo hilo linaniuma, na samahani yangu naiweka hapa mbele ya wote.

Asante kwa kila ulichotufundisha. Uwe na afya, na siku zako ziwe nyepesi. Jumamosi saa sita mchana nitabisha hodi kwako na chakula cha watu wawili, na sitaki kusikia kwamba umeshakula.